Serikali Iliyorudi Kazini Bila Kurudi

Iko nchi moja ambayo jina lake nalijua vizuri sana, ila silitaji, kwa sababu wakubwa wake wamepumzika na mimi nimelelewa: sipigi kelele mlangoni kwa mtu aliyelala. Wasomaji wenye tabia ya kusema "aa, hapa ni kwetu" nawaomba waiache tabia hiyo. Kwetu hakuna mambo haya. Kwetu ukifika ofisini asubuhi unamkuta mhusika, anakusikiliza, anakuhudumia, na unarudi nyumbani unapiga mluzi. Sote tunalijua hilo.

Basi katika nchi hiyo Mtukufu Mlezi wa Taifa alikwenda likizo ya mwisho wa mwaka katika jumba lake la ziwani. Alistahili. Mwaka mzima alikuwa anazindua vitu. Alizindua jiwe la msingi la daraja, akazindua nguzo ya kwanza ya daraja lile lile, akazindua na mkasi mpya wa kukatia utepe siku daraja likikamilika. Huko ziwani alivaa msuli, akala sato wa kuchoma kwa mikono, akalala mchana bila kuamshwa na hotuba yake mwenyewe. Jioni alicheza bao na walinzi wake akawashinda wote, maana walinzi wale walikuwa na wake na watoto wa kulea. Uso wake ulinyooka mpaka mpishi akawa hamfananishi tena na picha iliyotundikwa jikoni.

Likizo ikaisha, kama likizo zote zinavyokuwa na adabu mbovu ya kuisha. Jumatatu asubuhi Mtukufu akakalia kiti chake, akasikia simu zinalia, akaona watu wenye tai wamejipanga koridoni wakiwa na matatizo mikononi, na hapo hapo ugonjwa ukamshika. Kichwa kizito. Moyo mzito. Mguu mmoja ukaanza kutikisika wenyewe chini ya meza. Aliitwa daktari bingwa, aliyesomeshwa ng'ambo na umma na kwa hiyo hajawahi kumtibu mtu wa umma. Akampima Mtukufu kila mahali panapopimika bila kuvunja heshima, kisha akatoa hukumu.

"Mtukufu, mwili umerudi. Roho imebaki ziwani."

"Dawa yake?"

"Ni mbili. Ama mwili uifuate roho, ama roho iletwe huku."

Mwili kurudi ziwani haikuwezekana, kwa kuwa redio ilikwisha kutangaza kwamba Mtukufu amerejea na ari mpya, na redio ya nchi ile haijawahi kukosea. Mtukufu akafumba macho, akawaza, akafumbua. "Basi," akasema, "ziwa lije ofisini."

Ndivyo ilivyozaliwa Sera ya Kudumisha Hali ya Likizo Kazini, na kwa kuwa sera haiwezi kutembea bila wizara, ikaundwa Wizara ya Utulivu. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Kipupwe, mtu mnene wa sauti laini, ambaye zamani alikuwa Waziri wa Barabara na tangu wakati huo alikuwa na uzoefu mkubwa wa kutofanya kitu. Siku ya kuapishwa alihutubia taifa akiwa amejilaza ubavu.

"Ndugu wananchi," alisema, "tafiti zimeonyesha, na kama bado, basi tutaziagiza zionyeshe, kwamba kiongozi aliyechoka huamua vibaya. Kiongozi aliyepumzika haamui kabisa. Na asiyeamua, ndugu zangu, hakosei! Ni nchi ngapi duniani zinaweza kujivunia serikali isiyokosea?"

Watu walipiga makofi. Walikatazwa papo hapo. Tangu siku hiyo makofi ya serikali yakawa ya kugusanisha ncha za vidole tu, pap pap, kama mtu anayejifuta unga.

Kazi ya kutofanya kazi ikaanza kwa bidii. Mchanga wa ziwani ukasombwa kwa malori ili umwagwe katika ofisi zote za umma, na madereva wakaagizwa waendeshe kwa utulivu, kwa hiyo malori mengine hayajafika mpaka leo. Meza zikatolewa, mikeka ikatandikwa. Saa za ukutani zikafunikwa kanga. Viatu vikapigwa marufuku. Wizara ya Fedha ikafunga bembea, na Katibu Mkuu wake akawa anapokea wageni akiwa anakwenda na kurudi, hivyo mgeni alilazimika kusema jambo lake vipande vipande kila bembea inapomkaribia. Jeshi, ambalo halipendi kuachwa nyuma, likabuni gwaride la kukaa. Neno "haraka" likafutwa katika matumizi, na kukatungwa kosa jipya la jinai lililoitwa Haraka Hadharani. Wakaguzi wa Nyuso wakamwagwa mitaani kupima makunyanzi ya wapita njia kwa rula.

Mtaniuliza: na wananchi je? Swali zuri. Wananchi hawakuwa wamekwenda likizo, kwa hiyo hawakuwa na hali yoyote ya kudumisha. Wao waliombwa tu wasiwasumbue wale waliokuwa nayo.

Sasa hapa ndipo Kipupwe alipoonyesha kwamba hakuwa mjinga, na watu wengi humkosea heshima kwa kudhani alikuwa. Watu wa nchi ile ni wastaarabu mno. Kwao ukimwuliza mtu "habari?" lazima ajibu "nzuri" kwanza, ndipo aseme mengine. Hata nyumba ikiwaka moto. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila inaungua." "Habari ya mzee?" "Nzuri, ila tulimzika juzi." Mtu akikurupuka na msiba kabla ya "nzuri" anaonekana hakufunzwa na mamaye. Kipupwe akatazama, akagundua kwamba shida zote za nchi zimekaa baada ya "ila". Akatoa mwongozo kwa watumishi wote wa Dirisha la Huduma: mwananchi asalimiwe kwa upole, "nzuri" yake ipokewe, na asikilizwe mpaka hapo. Yanayofuata baada ya "ila" ni mambo yake binafsi, na serikali haipendi kuingilia faragha ya mtu.

Mwisho wa mwezi wizara ikatangaza kwa fahari kwamba watu wote waliofika dirishani, bila kumtoa hata mmoja, walikuwa na habari nzuri. Mtukufu akaisikia taarifa hiyo akiwa kwenye mkeka wake, na mguu ukaacha kutikisika.

*

Mji mkuu wa nchi ile ulikuwa na gari moja la wagonjwa, na gari hilo lilikuwa na dereva mmoja, jina lake Kombo. Alikuwa kijana mrefu, mpole nyumbani, mkali barabarani. Siku moja alikuwa anashuka mlima wa Kilimahewa king'ora kinalia, akasimamishwa na Mkaguzi wa Nyuso aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli.

"Unakimbilia wapi, ndugu yangu?"

"Hospitali, afande. Nina mgonjwa nyuma."

"Mgonjwa kakwambia ana haraka... ana lile jambo?"

"Kazimia, afande!"

Mkaguzi akachungulia nyuma, akamtazama mgonjwa, akarudi anatikisa kichwa kwa masikitiko. "Unaona? Mwenyewe katulia. Wewe ndiye mwenye wasiwasi."

Akatoa rula, akampima Kombo paji la uso, na kosa likathibitika. Mgonjwa alisukumwa na wasamaria kwa mkokoteni hadi hospitali, akapona, jambo ambalo wizara ililitangaza kuwa mafanikio ya kwanza ya sera. Gari likapelekwa kuegeshwa uani kwa Wizara ya Utulivu, king'ora chake kikajazwa pamba. Na Kombo akawekwa katika jengo hilo hilo, chini kabisa, katika chumba kilichoitwa Chumba cha Tafakuri. Zamani kiliitwa selo, ila jina lile lilikuwa linawakunja watu nyuso.

Masharti ya kutoka yalikuwa mepesi: uso ukinyooka, unaachiwa. Tatizo ni kwamba Kombo alikuwa na mke, Sikuzani, na Sikuzani alikuwa na mimba pevu, mimba ya kwanza waliyoisubiri kwa muda mrefu mpaka majirani wakawa wamechoka kuwaonea huruma. Daktari alikwisha kumwambia Sikuzani kwamba mtoto amekaa vibaya tumboni, ametanguliza miguu, na siku ya siku asithubutu kuzalia nyumbani. Nao waliishi juu kabisa Kilimahewa, ambako hakupandi kitu chenye magurudumu isipokuwa gari lile la Kombo. Kwa hiyo kila Kombo alipomfikiria mkewe, uso ulijikunja. Kila uso ulipojikunja, kifungo kiliongezwa. Na kila kifungo kilipoongezwa, alimfikiria mkewe zaidi. Wakaguzi walisikitika sana, wakamshauri afikirie mambo mengine.

*

Sikuzani alishuka mlima kwa miguu, mkono mmoja kiunoni, akapanga foleni kwenye Dirisha la Huduma la Wizara ya Utulivu. Dirishani alikuwepo karani anayeitwa Salimini, kijana mwenye tabasamu jema na nyayo safi zilizojaa mchanga.

"Habari yako, dada?"

"Nzuri, ila mume wangu..."

"Ahsante sana. Anayefuata!"

Akarudi nyuma ya foleni. Akaja tena.

"Habari yako, dada?"

"Nzuri ila mume wangu kafungwa na mimi..."

"Ahsante sana, tumefurahi. Anayefuata!"

Mara ya tatu Sikuzani alikuwa ameamua. Alifika dirishani amekaza meno.

"Habari yako, dada?"

"Mbaya."

Salimini akashtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Tabasamu likamporomoka. "Dada, mimi nakusalimu vizuri, kwa heshima zangu, wewe unanijibu hivyo? Nimekukosea nini?"

Na kama hiyo haikutosha, foleni nzima ikaguna. Watu ambao wenyewe walikuwa wameng'olewa mapaa, wamekatiwa maji, wamepotezewa watoto katika kazi za umma, wote waliona aibu kwa niaba yake. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua, Mzee Faki, aliyekuwa anafuatilia kiwanja chake tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akamgusa bega. "Binti yangu, hata kama. Salamu ni salamu. Usitutie aibu mbele ya serikali."

Sikuzani akasikia uso unamwaka moto. Alikuwa amelelewa, na malezi hayo ndiyo yaliyokuwa adui yake mkubwa. Akainamisha kichwa. "Nisamehe, kaka. Nzuri."

"Hapo sawa," akasema Salimini, na tabasamu likarudi mahali pake. "Ahsante sana. Anayefuata!"

Nyuma yake kwenye foleni alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, Bi Kidawa, mkunga aliyestaafu, aliyekuja kulalamikia bomba la mtaa wake na alikwisha kusema "nzuri" mpaka neno limemkauka mdomoni. Alimtazama Sikuzani kwa jicho la kazi.

"Mwanangu, tumbo limeshuka. Uchungu umeanza lini?"

"Asubuhi. Kidogo kidogo."

"Na umesimama hapa? Twende zetu nyumbani nikulaze."

"Siendi, Bi Kidawa. Daktari kasema nikizalia nyumbani naweza kumpoteza, na hospitali siifiki kwa miguu. Gari liko pale uani, naliona. Dereva yuko chini ya miguu yetu. Nitarudi vipi nyumbani nikalale? Nimemsubiri sana mtoto huyu."

Bi Kidawa akamfunga kanga yake kiunoni ikaze vizuri, akamshika mkono.

Sikuzani akauacha mkono ule, akaenda mlango mkubwa wa wizara. Alikuwa amegundua kitu: walinzi hawakuuliza mtu anataka nini, walitazama uso tu. Wenye wasiwasi walirudishwa, waliotulia walipita. Basi akasimama kando, akasubiri wimbi la uchungu lipite, akaunyoosha uso wake wote kwa nguvu aliyobakiwa nayo, akatabasamu. Mlinzi akampima, rula ikakosa cha kupima. "Karibu mama," akasema. "Uso wako una baraka."

*

Ofisi ya Waziri ilikuwa nzuri, sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Mchanga mweupe, mawimbi ya kaseti yanavuma taratibu kutoka pembeni, madafu yamepangwa mahali palipokuwa na kabati. Kipupwe alikuwa kwenye mkeka, shati limefunguliwa vifungo, wasaidizi wawili wanampepea. Walipomwona mgeni mwenye tabasamu walifurahi.

"Habari yako, mama?"

"Nzuri," akasema Sikuzani, na kabla hawajamshukuru akapiga magoti mchangani. "Mheshimiwa, nimekuja na tatizo."

Wasaidizi wakaacha kupepea. Kipupwe, ambaye alikuwa muungwana, alikohoa kidogo.

"Tatizo lako linaweza kungoja?"

"Haliwezi, Mheshimiwa."

"Hapo ndipo penye ugumu. Tatizo lisiloweza kungoja linavunja utulivu, na mimi ndiye mlinzi wa utulivu. Siwezi kulipokea."

Sikuzani akatafakari, jasho linamtiririka. "Basi linaweza kungoja."

"Alhamdulillahi! Basi lingoje."

Tatizo halikungoja. Wimbi jipya lilimkamata hapo hapo, tabasamu likapasuka, akaanguka kwa mikono yote miwili na kutoa sauti iliyonyamazisha hata mawimbi ya kaseti. Kipupwe akasogeza dafu lake.

"Mama, tafadhali. Hapa si mahali pake. Kuna utaratibu."

Nje, kwenye foleni, Bi Kidawa aliisikia sauti ile. Hakuulizana na mtu. Alimsukuma Salimini na tabasamu lake, akapanda dirisha la huduma na miaka yake yote, na wanawake wengine wa foleni wakamfuata, wakavua kanga zao za juu na kuzishika zikawa ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu sera ianze mwananchi kupita upande wa pili wa dirisha lile.

Kulikuwa na kazi kubwa nyuma ya ukuta ule wa kanga, na sitaieleza, maana haikuwa ya macho ya wanaume wala ya serikali. Wasaidizi walitazama dari. Kipupwe alifunga vifungo vya shati, akavifungua, akavifunga. Hatimaye mtoto akatoka, wa kiume, miguu kwanza kama daktari alivyosema.

Hakulia.

Kimya kile kilipofika upande wa pili wa kanga, uso wa Kipupwe ulichanua. "Sikilizeni!" akanong'ona. "Hakulia! Raia wa kwanza kuzaliwa chini ya sera, ndani ya wizara yenyewe, na hakulia! Huyu hahitaji likizo, kaja nayo!" Wasaidizi wakagusanisha ncha za vidole, pap pap pap. Mmoja akapendekeza mtoto apewe nishani. Mwingine akapendekeza aitwe Tulizo, na picha yake itundikwe katika ofisi zote.

"Mbona halii?" Sikuzani aliuliza. "Bi Kidawa, mbona halii? Nipe nimwone. Mbona halii?"

Hapa, wasomaji, utani unanishinda. Nimejaribu kuandika sentensi hii kwa namna ya kuchekesha, haikubali. Mama alikuwa amelala kwenye mchanga wa serikali anaomba asikie kelele, na watu wazima waliosoma walikuwa wanashangilia kwamba hazipo. Aliyenisimulia alilia alipofika hapa, na mimi nikageukia dirishani asinione.

Bi Kidawa alimfyonza mtoto kamasi puani na mdomoni kwa mdomo wake mwenyewe, akatema, akamgeuza kichwa chini, akamsugua mgongo, akampiga nyayo. Hakuna. Akampiga tena. "Sema, baba," alimwambia kwa ukali. "Sema. Usiwasikilize hawa."

Mtoto akasema. Alisema kwa sauti iliyopasua ofisi, ikatoka koridoni, ikavuka barabara. Nje foleni nzima ikalipuka kwa vigelegele, na Sikuzani akaangua kilio na kicheko kwa pamoja. Mkuu wa Wakaguzi akaingia mbio, akakumbuka, akatoka, akaingia tena akitembea, rula mkononi, asijue ampime nani.

*

Ikulu ilikuwa ng'ambo ya barabara. Simu ya Waziri ikalia.

"Kipupwe," ilisema sauti ya Mtukufu, "ni nani huyo anayepiga kelele?"

"Ni mwananchi, Mtukufu."

"Kavunja utulivu wangu. Ila mimi ni mlezi, siwezi kumwadhibu mtu sijamsalimu. Mpe simu."

Waziri akapitisha simu juu ya ukuta wa kanga na kuiweka karibu na mdomo wa mtoto.

"Habari yako, raia?" akauliza Mtukufu kwa upole.

Mtoto alimpa habari zake zote, bila kubakiza.

"Kipupwe! Kasema nini huyu? Sijasikia 'nzuri'."

"Hajaisema, Mtukufu."

"Mwambie aiseme!"

"Haijui, Mtukufu. Ndiyo kwanza kazaliwa. Hajafundishwa."

Mtoto akaendelea kulia. Mwongozo haukuwa na kifungu cha mwananchi asiyejua kusema nzuri. Mtukufu alisikika anahema. Kisha, kwa kukosa njia nyingine yoyote, aliuliza swali ambalo halijawahi kuulizwa katika jengo lile tangu lijengwe.

"Sasa anataka nini?"

Kipupwe akageuka kulia, akageuka kushoto. Hakujua. Angejuaje?

"Anamtaka baba yake," alisema Sikuzani kutoka nyuma ya kanga, kwa sauti ndogo iliyochoka. "Na analitaka gari lake, limpeleke hospitali. Na mimi pia."

"Anamtaka baba yake na gari, Mtukufu."

"Mpeni!" alipiga kelele Mtukufu. "Mpeni haraka, kichwa kinapasuka!"

Ofisi ikaganda. Neno lile lilikuwa limetoka, tena kinywani kwa mwenye sheria. Walinzi wakatazama vidole vyao vya miguu mchangani. Mkuu wa Wakaguzi, mtu wa haki asiyependelea, alijua kwamba sheria haina macho, ingawa inaijua nyumba ya kila mtu. Akafikiri, akapata. Neno lilikuwa limetamkwa katika simu ya Waziri, kwa hiyo mwenye neno ni mwenye simu. Kipupwe akachukuliwa kwa upole na kuteremshwa Chumba cha Tafakuri, ambako nafasi moja ilikuwa inapatikana. Nasikia uso wake, uliokuwa hauna kunyanzi hata moja, ulijikunja mara mlango ulipofungwa, na mpaka leo rula haijaridhika.

Kombo alipanda ngazi akiwa peku, macho yanamuuma kwa mwanga. Alimkuta mkewe amekaa mchangani, ameegemea madafu, na furushi la kanga kifuani.

"Sikuzani. Uko salama?"

"Niko salama. Njoo umwone aliyekutoa."

Kombo akapiga magoti, akamtazama mtoto. Kisha akawanyanyua wote wawili pamoja, akawapeleka uani, akawalaza ndani ya gari. Bi Kidawa alipanda mbele bila kukaribishwa. King'ora kilikohoa mara mbili, pamba ikaruka hadi kwenye bembea za Wizara ya Fedha, na gari likatoka kwa kasi ya makosa kadhaa ya jinai. Hakuna mkaguzi aliyenyanyuka.

*

Asubuhi iliyofuata Salimini alifungua dirisha. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote, na mbele kabisa alikuwa Mzee Faki.

"Habari yako, mzee wangu?"

Mzee Faki alivua kofia yake ya viua. Aliangalia nyuma kwa haya, kama mtu anayetaka kuvua nguo mbele za watu. Kisha akafumba macho, akafungua mdomo wake wenye meno machache, na kulia kama mtoto mchanga.

Salimini akamtazama. Wa pili naye akalia. Wa tatu, mwanamke mzito wa sokoni, alikuwa na kifua kizuri na alisikika hadi kituo cha redio. Kufikia adhuhuri foleni nzima ilikuwa inalia, na mitaa iliyo karibu ilipojua kwamba adabu imeruhusiwa kupumzika, ikajiunga. Watu walililia viwanja, mabomba, mapaa, pensheni, na wengine walililia mambo ya zamani ambayo hayana tena dawa. Ikulu waliziba madirisha kwa magodoro, ikawa kazi bure.

Mguu wa Mtukufu ulianza kutikisika tena, safari hii yote miwili. Daktari bingwa aliitwa, akasema dawa ya pili imeshindwa na iliyobaki ni ile ya kwanza. Redio ikatangaza kwamba Mtukufu anakwenda ziwani kwa siku chache, kupumzika baada ya kazi ngumu ya kupumzika. Msafara uliondoka mchana ule ule, na mashahidi wanasema ulikwenda mbio sana.

Hajarudi. Ofisini, watumishi walikaa kwenye mchanga wao siku kadhaa, kisha ikawachosha kustarehe kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Mmoja akaifunua saa kanga yake. Mmoja akaenda kutafuta meza yake. Salimini, kwa uvivu tu wa kutokuwa na la kufanya, mtu alipomjibu "nzuri", alijikuta anauliza, "Ila?" Nasikia Mzee Faki ana kiwanja chake, na anagombana na jirani kuhusu mpaka, kama mtu yeyote mwenye kiwanja.

Mtukufu hupiga simu mara kwa mara kutoka ziwani, maana ni mlezi na hawezi kuwasahau. Simu huita pale kwenye Dirisha la Huduma. Inapoita, foleni yote hukaa kimya. Mara ya mwisho Sikuzani alikuwepo, alikuja na mtoto kumwandikisha chanjo, na alimwahi akampa ziwa anyonye kabla hajaguta. Salimini akanyanyua mkono wa simu.

"Habari za huko?" ikauliza sauti kutoka mbali, nyuma yake mawimbi ya kweli.

"Nzuri, Mtukufu."

"Nzuri tu? Hakuna ila? Maana nikihitajika naweza kurudi hata kesho."

Salimini akawatazama watu. Watu wote, wazee kwa vijana, wakatikisa vichwa kwa pamoja.

"Nzuri kabisa, Mtukufu," akasema. "Wewe pumzika."